Mfahamu Kamba Mwekundu, Mgeni Aliyefyeka Mimea ya Ziwa Naivasha

Miongoni mwa viumbe walioingizwa kwa makusudi katika maji ya Afrika Mashariki, wachache wameacha alama kubwa kama kamba mwekundu wa Louisiana, anayejulikana kitaalamu kwa jina la Procambarus clarkii. Mnyama huyu, ambaye urefu wake kwa kawaida hauzidi kiganja cha mtu mzima, alipandikizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970 ili kuinua uvuvi. Katika muda wa takriban miaka kumi na mitatu, mimea iliyoota chini ya maji pamoja na mayungiyungi ya buluu yaliyopamba kingo za ziwa hilo ilikuwa imetoweka karibu yote.

Makala haya yanaeleza maumbile ya mnyama huyo, namna anavyozaliana na kujilisha, njia alizotumia kuenea duniani na katika ukanda wetu, faida na hasara zilizodhihirika, na wajibu wa mwananchi katika kuzuia asipelekwe kwenye mito, mabwawa na maziwa ambayo bado hajayafikia.

Ni mnyama wa aina gani?

Wakazi wa pwani wanapotamka neno kamba, humaanisha kamba wa baharini, yaani mnyama laini mwenye gamba jembamba anayevuliwa kwa ajili ya kitoweo. Kamba mwekundu wa Louisiana ni jamaa yake wa mbali, lakini yeye huishi katika maji yasiyo na chumvi. Ana gamba gumu, miguu kumi, papasi ndefu kichwani na magando mawili makubwa yanayomkumbusha mtazamaji kaa. Ndiyo maana watu wengi wanaomwona kwa mara ya kwanza humwita kaa. Tofauti iliyo wazi ni kwamba kaa amejikunja, mkia wake umefichwa chini ya tumbo, ilhali kamba huyu ana mwili mrefu na mkia mnene uliogawanyika katika pingili, ambao huupigapiga kwa nguvu anapotaka kurudi nyuma kwa kasi.

Rangi yake akiwa mkubwa ni nyekundu iliyokolea, wakati mwingine ikikaribia weusi. Magando yake yana vipele vyekundu vinavyong'aa, na mgongoni mwa mkia hupitiwa na mstari mweusi. Wadogo huwa na rangi ya kijivu au ya udongo, jambo linalowawezesha kujificha katika matope. Mtaalamu wa wanyama Charles Girard ndiye aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1852. Makao yake ya asili ni kaskazini mashariki mwa Meksiko na majimbo ya kusini ya Marekani, hasa katika vinamasi vya bonde la chini la mto Mississippi.

Ni muhimu kufahamu kwamba bara la Afrika halina kamba wa jamii hii waliokuwapo kwa asili. Kisiwa cha Madagaska kina jamii yake ya pekee, lakini katika mito na maziwa ya bara nafasi hiyo ilishikwa na kaa wa maji matamu. Kwa hiyo mimea, konokono na samaki wa maji yetu hawakuwahi kuzoeana na mnyama wa namna hii. Alipofika, alikuta meza imeandaliwa na walinzi ni wachache.

Uwezo wake wa kuzaliana na kustahimili

Sababu ya kwanza ya mafanikio ya kamba mwekundu ni kasi ya kuzaliana. Katika maji yenye joto anaweza kufikia umri wa kuzaa akiwa na miezi michache tu. Jike mmoja hubeba mayai mamia kadhaa chini ya mkia wake, yakiwa yamegandamana kama kichala cha zabibu nyeusi. Kwa joto la wastani mayai hayo huanguliwa baada ya wiki mbili hadi tatu. Watoto hawaachwi waelee ovyo majini. Hubaki wameshikilia vijiguu vya chini ya mkia wa mama mpaka wajivue gamba mara mbili, ndipo huanza kujitegemea. Ulinzi huo hufanya wengi wao waokoke.

Sababu ya pili ni kwamba jike akishapandwa huhifadhi mbegu za dume katika kifuko kilicho upande wa chini wa mwili wake, na huweza kutaga baadaye bila ya dume kuwapo. Maana yake ni kwamba jike mmoja aliyetupwa katika bwawa anaweza kuanzisha ukoo mzima. Anayedhani kwamba mnyama mmoja hawezi kuleta madhara anakosea.

Sababu ya tatu ni ustahimilivu. Kamba huyu huvumilia maji yenye oksijeni kidogo, maji machafu, na hata maji yenye chumvi kiasi. Matamvua yake yamefunikwa na gamba, na maadamu yana unyevu, anaweza kupumua nje ya maji kwa muda. Usiku wenye mvua hutoka na kutembea nchi kavu kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine.

Maji yakikauka, huchimba shimo la wima katika udongo, hulifunga mdomo kwa matope na kusubiri humo. Majike hupenda kujificha katika mashimo hayo wakati wa kutaga. Kwa hiyo kukausha bwawa kwa majuma machache hakumwangamizi. Mvua inaporejea, naye hurejea akiwa na watoto.

Kama ilivyo kwa jamaa zake wote, hukua kwa kujivua gamba. Baada ya kulivua la zamani mwili wake huwa laini kwa muda, na huo ndio wakati anapoliwa kwa urahisi na samaki, ndege na hata kamba wenzake. Katika maji ya joto wengi huishi mwaka mmoja hadi miwili, ingawa wengine hufikia miaka minne.

Mla mimea anayekata kuliko anavyokula

Kamba mwekundu hula karibu kila kitu: wadudu wa majini, konokono, viluwiluwi, mayai ya samaki, mizoga na wenzake walio dhaifu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya chakula chake ni mimea hai na mabaki ya mimea inayooza. Hapo ndipo penye athari yake kubwa.

Mmea wa majini haupotei kwa sababu ya kuliwa tu. Kamba hukata shina karibu na mzizi, hutafuna kipande kidogo, kisha huacha sehemu iliyobaki ielee na kuoza. Anapenda machipukizi machanga na miche inayoanza kuota, kwa hiyo hata mbegu zikibaki chini ya ziwa, kizazi kipya cha mimea hakipati nafasi ya kukua.

Mimea inapotoweka, madhara hufuatana hatua kwa hatua. Mizizi haipo tena kushikilia matope ya chini, hivyo upepo na mawimbi huyatibua. Maji huwa na tope, na mwanga wa jua haufiki chini. Mwani mdogo unaoelea hupata virutubisho ambavyo awali vilitumiwa na mimea mikubwa, nao huzidisha ukungu wa maji. Vifaranga vya samaki hukosa maficho. Ndege wanaokula majani ya majini, kama vile kukuziwa, hukosa malisho. Ziwa lililokuwa na maji maangavu na bustani chini yake hugeuka kuwa ziwa la maji ya kijani au ya rangi ya udongo, na kulirudisha katika hali ya awali ni kazi ngumu.

Historia ya Naivasha

Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, liko kwenye kimo cha takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Linalishwa na mito ya Malewa, Gilgil na Karati, na ingawa halina mto wa kutoa maji juu ya ardhi, maji yake si ya chumvi kwa kuwa sehemu yake huvuja chini kwa chini. Mwaka 1995 lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Tangu zamani ziwa hili lilikuwa na samaki wachache mno wa asili. Serikali ya kikoloni iliingiza perege katika miaka ya 1920, na muda si mrefu baadaye ikamleta samaki besi kutoka Marekani kwa ajili ya burudani ya uvuvi wa ndoana. Aina nyingine za perege zilifuata katika miaka ya 1950, na uvuvi wa biashara kwa nyavu ukaanza mwaka 1959. Karibu kila samaki anayeliwa kutoka Naivasha, basi, ana asili ya kuletwa.

Ni katika mtazamo huo ambapo kamba mwekundu aliingizwa. Alikwisha kuletwa Uganda katika miaka ya 1960, kisha akavuka hadi Kenya. Mwaka 1970 mamlaka za uvuvi zilimpandikiza Naivasha kwa malengo mawili: kuwa chakula cha besi, na kuwa zao jipya la kuuza. Kwa vigezo vya wakati huo uamuzi huo ulionekana wa busara. Ziwa lilikuwa na mimea tele ambayo hakuna samaki aliyeitumia ipasavyo. Ilifikiriwa kwamba mnyama anayegeuza mimea kuwa nyama angekuwa baraka.

Mwanzoni matarajio yalitimia. Besi wakubwa walimla kamba huyu kuliko chakula kingine chochote. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kamba wa Naivasha walivuliwa kwa mitego na kusafirishwa Ulaya, mamia ya tani kwa mwaka. Wakati huohuo wavuvi wa nyavu walianza kulalamika. Perege walionaswa usiku walikutwa asubuhi wametafunwa mapezi na matumbo, na nyavu zenyewe zimekatwakatwa. Samaki wa namna hiyo hana bei sokoni.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabadiliko chini ya maji yalikuwa dhahiri. Mimea iliyozama ilikuwa imetoweka karibu kabisa, na mayungiyungi ya buluu, ambayo wageni wengi waliyafananisha na zulia lililotandazwa kando ya mafunjo, hayakuonekana tena. Chakula kilipokwisha, kamba wenyewe walipungua. Walipopungua, mimea iliyozama ikaanza kurejea katika nusu ya pili ya muongo huo. Mimea iliporejea, kamba wakaongezeka tena, na mimea ikafyekwa upya. Watafiti waliofuatilia ziwa hilo kati ya mwaka 1987 na 1999 walibaini mwenendo huo wa kupokezana: mmoja akipanda, mwingine hushuka. Yungiyungi, tofauti na mimea iliyozama, halikurejea katika hali yake ya awali.

Haitakuwa haki kumtwika kamba lawama zote. Katika kipindi hichohicho, mashamba ya maua na mji wa Naivasha vilipanuka, maji yalivutwa kwa umwagiliaji, mbolea na udongo vilitiririshwa na mito, na mafunjo yaliyochuja maji hayo yalikatwa. Gugu maji, ambalo nalo ni mgeni kutoka Amerika Kusini, liliingia ziwani mwaka 1988 na kutandaza mikeka inayoelea. Mizizi ya gugu hilo imekuwa maficho mazuri ya kamba wadogo. Wageni wawili, mmoja mmea na mwingine mnyama, wakajikuta wakinufaishana.

Mgeni mmoja akamfuata mwingine

Mnamo mwaka 1999 kapi (Cyprinus carpio), samaki mwenye asili ya Ulaya na Asia, aliingia ziwani kwa bahati mbaya, na mwaka 2001 wavuvi wakaanza kumnasa. Katika miaka michache kapi akawa sehemu kubwa zaidi ya samaki wanaovuliwa Naivasha. Samaki huyu hutafuta chakula kwa kufukua matope, na miongoni mwa anavyokula ni kamba wadogo. Idadi ya kamba ziwani ikashuka.

Wapo walioona kwamba tatizo limejitatua. Ukweli ni kwamba ziwa lilibadilishana tatizo moja kwa jingine, kwa kuwa kapi naye hung'oa mimea na kutibua maji. Wavuvi wamepata samaki wa kuuza, jambo ambalo halipaswi kudharauliwa kwa familia zinazotegemea ziwa hilo, lakini bustani ya chini ya maji haikurudi.

Kamba naye hakuangamia. Alikwisha kupanda mito inayoingia ziwani, ambako kapi hana nafasi kubwa. Huko amekutana na kaa wa asili wa mito hiyo, Potamonautes loveni. Wanyama hawa wawili hula vyakula vinavyofanana: majani yaliyoanguka, wadudu na mizoga. Pale wanapoishi pamoja hulazimika kugombea chakula na maficho. Kaa wa mtoni huzaa watoto wachache na hukua polepole. Mgeni huzaa mamia na hukua haraka. Kaa huyo ana kazi kubwa katika mto, kwani yeye ndiye anayesaga majani ya msituni na kuyageuza kuwa chakula cha viumbe wadogo zaidi, na yeye pia ni mlo wa fisi maji. Kupungua kwake ni hasara isiyoonekana kwa jicho la mpita njia.

Suala la kichocho

Kuna upande mwingine wa habari hii unaostahili kuelezwa kwa uaminifu. Kamba mwekundu hula konokono, wakiwamo wale wanaobeba vimelea vya kichocho. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kenya na wa Marekani walifanya majaribio katika mabwawa madogo ya eneo la Machakos. Pale kamba alipofanikiwa kuishi, konokono walipungua na maambukizi mapya ya kichocho cha mkojo kwa watoto wa shule yakashuka.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake anakojoa damu, tokeo hilo lina uzito kuliko hoja yoyote kuhusu mayungiyungi. Ndiyo sababu suala hili halimalizwi kwa kusema tu kwamba mnyama huyu ni mbaya. Hata hivyo, mambo matatu yanapaswa kupimwa. Kwanza, kamba hastawi katika kila bwawa, hivyo kinga yake si ya kutegemewa. Pili, akishapandikizwa hawezi kuzuiwa kutembea hadi mto ulio karibu, na hapo uamuzi uliochukuliwa kwa ajili ya kijiji kimoja huwa umechukuliwa kwa niaba ya bonde zima. Tatu, ipo dawa ya kutibu kichocho, prazikwanteli, inayotolewa shuleni, na zipo njia nyingine za kinga kama vile maji safi na matumizi ya vyoo. Dawa inaweza kusitishwa ikionekana haifai. Mnyama aliyekwisha kuzaliana hawezi kuitwa arudi.

Hali katika nchi nyingine

Leo kamba mwekundu anapatikana katika mabara yote isipokuwa Australia na Antaktika. Japani ilimpokea mwaka 1927 akiwa chakula cha vyura waliofugwa, na kutoka huko akafika Uchina, ambako sasa anafugwa katika mashamba ya mpunga na kuvunwa zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Hispania ilimwingiza mwaka 1973 na 1974. Katika kingo za mto Guadalquivir ameanzisha biashara kubwa ya usindikaji, lakini pia ametoboa matuta ya mashamba ya mpunga na kusambaza ugonjwa unaowaua kamba wa asili wa Ulaya. Yeye mwenyewe huubeba bila kudhurika. Umoja wa Ulaya ulimweka mwaka 2016 katika orodha yake ya kwanza ya spishi vamizi ambazo ni marufuku kuingizwa, kufugwa au kuuzwa zikiwa hai.

Katika Afrika, Misri ilimpokea mapema miaka ya 1980, naye akaenea katika mifereji ya mto Nile kuanzia delta hadi upande wa kusini. Nchini Uganda, Ziwa Bunyonyi limekuwa maarufu kwa kitoweo chake, ambacho huandaliwa katika hoteli za kitalii. Rwanda nayo ni miongoni mwa nchi alikoripotiwa.

Jamaa zake wawili wanastahili kuangaliwa kwa makini. Wa kwanza ni kamba wa marumaru, Procambarus virginalis, aliyegunduliwa Madagaska katika muongo wa kwanza wa karne hii. Wote wa aina hii ni majike, na huzaa bila ya dume. Kila mtoto ni nakala ya mama yake. Wa pili ni kamba wa Australia, Cherax quadricarinatus, mkubwa kuliko kamba mwekundu na mwenye doa jekundu kwenye gando la dume. Alitoroka kutoka mashamba ya ufugaji kusini mwa Afrika na sasa yuko katika mto Kafue, Ziwa Kariba na sehemu nyingine za bonde la Zambezi, ambako wavuvi wanalalamikia samaki waliotafunwa nyavuni, malalamiko yaleyale ya Naivasha.

Uwepo wake nchini Zambia unapaswa kuwashtua wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambalo Zambia inalimiliki kwa pamoja na Tanzania, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa hilo lina kaa wa jenasi ya Platythelphusa wasiopatikana kwingine kokote duniani, pamoja na samaki na konokono wa kipekee kwa mamia. Kinachowalinda viumbe hao dhidi ya kamba wageni ni kwamba hakuna aliyewabeba kuwapeleka huko.

Je, anaweza kuondolewa?

Katika ziwa kubwa au mto mrefu, hakuna njia iliyothibitika ya kumwondoa kabisa. Sumu inayomuua kamba humuua pia samaki, kaa na wadudu. Kukausha maji hakumfikii aliye shimoni. Uvuvi wa mitego hupunguza wakubwa, lakini wadogo hupenya na kukua haraka kwa sababu wamepunguziwa washindani. Samaki na ndege wanaomla, kama vile besi, mnandi na korongo, husaidia kumdhibiti, ingawa hawammalizi.

Kinachowezekana ni kupunguza idadi yake kwa uvuvi wa kudumu, kutunza mafunjo na mimea ya kingo, kupunguza mbolea inayoingia majini ili mimea ipate nafasi ya kurejea, na zaidi ya yote kumzuia asifike pengine. Gharama ya kuzuia ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kurekebisha. Ripoti ya kimataifa kuhusu spishi vamizi iliyotolewa mwaka 2023 na jopo la kiserikali la bioanuwai, IPBES, ilikadiria kuwa hasara inayosababishwa na spishi hizo duniani ilizidi dola za Marekani bilioni 423 kwa mwaka 2019. Katika Mfumo wa Bioanuwai wa Kunming-Montreal uliopitishwa mwaka 2022, mataifa yameazimia kupunguza kwa angalau nusu kasi ya kuingia na kustawi kwa spishi vamizi ifikapo mwaka 2030.

Soko ndilo jaribu kubwa. Kila bei inapopanda katika hoteli za mijini, huzuka wazo la kumfuga kamba huyu katika mabwawa ya mashambani. Mfugaji anaweza kuwa na nia njema na uzio madhubuti, lakini mvua kubwa moja hutosha kufurikisha bwawa. Wanaotafuta kipato wanashauriwa kuvua pale ambapo tayari yupo, badala ya kumpeleka pasipo naye.

Wajibu wa mwananchi

Wananchi wanaoishi, kuvua, kufanya biashara au kutembelea maeneo yenye maziwa na mito wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

1. Usimhamishe kamba aliye hai kutoka ziwa, mto au bwawa moja hadi jingine, hata akiwa mmoja, hata kwa nia ya kuua konokono au kusafisha magugu.

2. Usimtumie akiwa hai kama chambo, wala usimwachilie majini mnyama aliyefugwa katika tangi la nyumbani au la shule.

3. Kagua na kukausha nyavu, mitego, mitumbwi na ndoo kabla ya kuvihamishia maji mengine. Wadogo huweza kujificha katika unyevu na majani.

4. Wanaomnunua kwa kitoweo wanashauriwa kumpika mpaka aive kabisa, kwa kuwa jamii hii ya wanyama huweza kubeba vimelea. Aidha, waepuke waliovuliwa karibu na mifereji ya majitaka au viwanda, kwani mwili wa kamba hukusanya madini mazito yaliyomo majini.

5. Ukimwona mahali ambapo hakuwahi kuonekana, mpige picha, kumbuka mahali na tarehe, na utoe taarifa kwa afisa wa uvuvi au wa mazingira aliye karibu nawe. Mapema ndipo penye nafasi ya kuchukua hatua.

6. Anayetaka kuingiza au kufuga kiumbe chochote kigeni cha majini anapaswa kwanza kupata idhini ya mamlaka za uvuvi na mazingira.

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu, huja baadaye. Waliompandikiza kamba mwekundu katika Ziwa Naivasha walitaka kuwapatia wananchi samaki, chakula na fedha za kigeni, na kwa miaka michache walifanikiwa. Wajukuu wao wamerithi ziwa lisilo na mayungiyungi. Mito na maziwa mengi ya Afrika Mashariki bado hayajaguswa na mnyama huyu, na kuyaacha katika hali hiyo hakuhitaji mitambo wala fedha nyingi. Kunahitaji tu mtu mwenye ndoo mkononi kuamua kutoimwaga.